Vipele Thelathini na Saba

Wodi ya watoto, chumba cha vitanda vinne
Jumatatu, 2 Juni

Dada yangu,

Naandika nimeweka karatasi juu ya sahani kwa sababu kimeza chetu kimejaa dawa, kwa hiyo mistari ikipanda mlima usinicheke. Shule niliachia darasa la nne na wewe ndiye uliyekuwa ukinifanyia kazi za nyumbani, makosa mengine ni yako.

Chiriku anaongea. Akiongea napumua, akinyamaza ndiyo naogopa. Nywele zimekwisha zote, anasema kichwa chake sasa ni mpira na mimi nina ruhusa ya kukipuliza lakini si kukipiga. Kansa yenyewe ya damu Daktari anasema inarudi nyuma. Ila sasa hivi, Dada, siyo kansa inayotunyima usingizi. Ni vidudu. Zile dawa kali zinaua wabaya na wazuri, askari wa damu yake wote wamelala chini, mtoto amekuwa kama nyumba isiyo na mlango. Ile homa iliyotulaza siku kumi na moja ilitoka kwa kidudu ambacho Daktari anasema mimi na wewe tunacho kwenye ngozi na hatujui. Hebu fikiria. Kitu ninachotembea nacho mimi mamake.

Wametupa karatasi ya masharti. Nesi Mrefu, yule niliyekuambia anainama kila akipita mlangoni, alinisomea polepole, nami nakunakilia uibandike karibu na cherehani, maana tukiruhusiwa tutafikia kwako. La kwanza, mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa. La pili, maji ya kuchemsha. La tatu, matunda ya kumenya tu. La nne, nyama iive mpaka ndani. La tano, mayai hivyo hivyo. La sita, mwenye mafua au kikohozi asisogee. La saba, kukaa mbali na watu wengi. La nane, wanyama wakae nje. La tisa, maua na udongo visiingie chumbani. La kumi, mswaki laini. La kumi na moja, asichomwe chanjo yoyote bila Daktari kujua. La kumi na mbili, homa ikifika thelathini na nane usimpe dawa ya kuituliza, mlete mbio. Hilo ndilo lenyewe, lipigie mstari. Yaliyobaki ni madogo madogo, na mkono umechoka.

Sasa ombi. Watoto wa chini ya miaka kumi na miwili hawaingii wodini, na Karani wangu, huyo mkubwa uliye naye, ana kumi. Lakini hawa ndugu hawajaonana wiki tisa, na Chiriku tangu Ijumaa amegoma kula, anasema atakula siku Karani atakapokuja. Nikamwambia Nesi Mrefu. Akasema, "Mama Chiriku, hilo mimi sijalisikia." Alipofika mlangoni akageuka. "Jumapili saa nane mchana niko zamu peke yangu. Muda huo huwa napenda kuangalia dirishani."

Mlete, Dada. Dakika kumi tu.

Barua nampa dereva wa gari la maziwa anayepita kwenu Jumanne na Ijumaa. Simu yangu tangu itumbukie kwenye ndoo ya kupigia deki haijasema neno. Na hata ikisema, wewe unalia, mimi nalia, salio linakwisha hatujaambiana kitu. Baba yao bado yuko mgodini mpaka mwezi wa nane.

Mdogo wako

*

Nyumbani, chumba cha cherehani
Alhamisi, 5 Juni

Mdogo wangu,

Barua imefika inanuka maziwa. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa sababu ya mwandiko wako.

Masharti nimeyabandika mbele ya cherehani. Wateja wanadhani ni bei. Kuna mama kaja kukatiwa sketi, kakodoa macho ukutani, akauliza, "Fundi, hii namba nne, kwani nyama inahusiana vipi na pindo?"

Tunakuja. Karani nimemkagua kama askari wa mpakani: hana mafua, hana kikohozi, nimempapasa shingo haina joto. Shuleni kwao nusu ya darasa hawaji, wengine wanasema wanaumwa, mimi nasema ni utoro, mwalimu wao mwenyewe nilimkuta gengeni saa nne asubuhi. Nimemshonea gauni refu na kumfunga kilemba ili aonekane wa miaka kumi na miwili. Ameonekana wa arobaini. Anatembea humu ndani akiniuliza, "Habari za siku nyingi, fundi?"

Wewe je, unalala wapi? Usiniambie kwenye kiti.

Dada yako

*

Wodini
Jumatatu, 9 Juni

Dada,

Amekula. Bakuli zima, na akalamba kijiko.

Ulipokuwa umeenda kunawa hukuwaona. Karani alivua kilemba, akapanda kitandani, wakalala mto mmoja, pua kwa pua, wakawa wanapumuliana na kucheka kitu ambacho sikukijua na sikutaka kukijua. Nikasema moyoni, hata nikifa leo. Halafu Karani akaanza kuhesabu kila kitu humu ndani kama kawaida yake: vitanda vinne, chupa za dripu sita, vigae vya dari mia na nne. Akawapita watoto wote watatu wa vitanda vingine akiwauliza majina ya utani. Mama wa kitanda cha tatu akasema, "Huyu wako akikua atakuwa karani wa kweli." Nesi Mrefu aliangalia dirisha mpaka shingo ikamkaza, leo anaigeuza yote na mabega.

Ndiyo, ni kwenye kiti. Lakini kina mto.

Mdogo wako

*

Nyumbani
Alhamisi, 12 Juni

Mdogo wangu,

Huku wote wazima, usiwe na wasiwasi na huku. Wewe shika la huko tu.

Karani yupo, anakula. Wiki hii namweka nyumbani anishonee vifungo, shule yenyewe hakuna wanachofanya. Kazi ni nyingi, sare za kwaya, watu ishirini na mmoja na kila mmoja ana kiuno chake. Sina mengi. Kamwandikia mdogo wake kijibarua, kakifunga kwa gundi na uzi, mimi sijakisoma.

Lala hata kwa saa moja mchana. Omba kitanda.

Dada yako

*

KWA CHIRIKU TU. MAMA ASISOME.

Chiriku,

Nina siri. Nimeota vipele. Ni vitone vyekundu vyenye maji juu. Nimevihesabu vya mbele tu kwa sababu vya mgongoni sivioni, ni thelathini na saba. Vinawasha kuliko upupu. Mama Mkubwa amenipaka dawa ya rangi ya waridi, nafanana na keki. Amesema tusimwambie Mama kwa sababu Mama atapata wasiwasi na ana wasiwasi wa kutosha. Kwa hiyo usimwambie. Nimejichora uone. Nimeweka vyote thelathini na saba, hesabu uhakikishe.

Mimi Karani

*

Wodini
Jumapili, 15 Juni

Dada yangu,

Asante kwa kijibarua cha Karani. Chiriku alikisoma mwenyewe herufi moja moja, kikamtoa jasho, halafu akakikunja akakiweka ndani ya soksi. Nikamuuliza kinasema nini, akasema, "Mambo ya watu." Haya. Picha lakini ameniruhusu, nimeibandika ukutani juu ya kitanda kwa plasta ya dripu. Gauni la madoadoa ulilomshonea limenifurahisha, hicho kitambaa chekundu umekitoa wapi? Ila huyo mtoto akishika rangi hana breki, madoa mengine kayapaka mpaka usoni na kwenye vidole.

Tumekuwa na siku nzuri tano. Joto thelathini na sita na nusu, asubuhi na jioni. Nilipata kitanda kitupu mchana, nikalala kwa saa mbili, nikaamka sijui niko wapi. Daktari anasema askari wakianza kuamka wiki hii tunaweza

Jumatatu, 16 Juni

Naendelea hapo hapo, karatasi nyingine sina.

Dada, nini mmenifanyia?

Nesi Mrefu kaja asubuhi kubadilisha dripu. Mkono juu, macho ukutani. Akaacha mkono hewani. Akaniuliza, "Huyu kwenye picha ni nani?"

"Dada mtu. Yule wa Jumapili."

"Ana nini?"

"Gauni la madoa. Mamake mkubwa ni fundi."

"Mama Chiriku, gauni haliendi mpaka kwenye paji la uso." Kisha akamwinamia Chiriku, kwa upole kabisa, "Mwanangu, dada yako anaumwa?"

Chiriku akanitazama mimi, akamtazama yeye, akaanza kulia. "Karani kasema nisiseme." Akavua soksi.

Nesi alikisoma kile kijibarua amesimama. Hakuninyooshea kidole. Aliondoka, na wewe unajua jinsi anavyotembea taratibu, leo nilisikia viatu vyake vikikimbia. Daktari akaja na wenzake. "Walikutana lini, na kwa muda gani?" Niliona nikisema, namchoma mtu aliyenisaidia. Nikaanza kumvalisha Chiriku soksi. Ndipo Nesi Mrefu akasema mwenyewe, mbele ya wote, "Jumapili ya tarehe nane, saa nane mchana. Walilala mto mmoja. Mimi ndiye niliyewafungulia."

Ni tetekuwanga. Wanasema mtoto anaambukiza hata siku mbili kabla kipele hakijatoka. Kwa mtoto mwingine ni kukuna wiki moja. Kwa asiye na askari inaingia kwenye mapafu, kwenye ini, mpaka kichwani. Daktari hakuzungusha maneno, na nashukuru, na natamani angezungusha. Ipo sindano ya kinga lakini ina siku zake. Kumi tangu wakutane. Leo ni ya nane.

Siku ya nane, Dada. Picha ilikaa ukutani tangu Ijumaa, mimi nasifia kitambaa.

Wamemchoma mapaja yote mawili. Watoto wa vitanda vingine nao wamechomwa, wote watatu, wanalia kwa pamoja, na mama zao wananitazama. Sisi tumehamishiwa chumba cha peke yetu. Dawa za kansa zimesimamishwa. Daktari anasema tuhesabu siku ishirini na nane tangu ile Jumapili, mpaka tarehe sita Julai. Zikipita bila kitu, tumepona. Kama ni kutoka, kitatoka humo katikati.

Dereva anapita kesho. Nijibu. Na safari hii usiniambie wote wazima.

*

Nyumbani
Alhamisi, 19 Juni

Mdogo wangu,

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi. Sare za kwaya nimezisukumia pembeni.

Kipele cha kwanza nilikiona Jumanne tarehe kumi, nyuma ya sikio, nikasema ni joto. Mchana vikawa kumi. Jirani akachungulia, akacheka, "Fundi, tetekuwanga hiyo, mtoto ndiyo anakua." Nikamwamini kwa sababu ndivyo tulivyolelewa. Wewe hilo kovu la puani umelitoa wapi? Tuliugua wote wiki moja, mama akatupaka majivu, tukarudi kucheza. Naapa sikujua kama ina meno.

Lakini kukuficha nilikuficha, hilo sitalizungusha. Nilijua unalala kwenye kiti. Nilijua ukisikia mtoto wa huku ana homa utataka kujigawa vipande viwili, na huna cha kugawa. Nikasema akipona nitamwambia, tutacheka. Nikamfundisha mtoto kufunga mdomo. Miaka hamsini na mbili nimeishi, na mtoto wa miaka kumi kanishinda akili kwa penseli.

Neno moja tu nitasema, nisamehe kwa kulisema. Nimesimama mbele ya masharti yako nikayasoma moja moja kwa kidole. Kumi na mbili. Mafua yapo, kikohozi kipo, mpaka maua yapo. Tetekuwanga hakuna. Ningeliona, ningeuliza lile darasa lao linaumwa nini, nisingemleta hata kwa mbeleko.

Karani alinikuta nikisoma barua yako, na anavyosoma haraka huyo, nilipoikunja alikuwa amekwisha kuisoma. Hajala tangu jana. Leo ameniuliza, "Mama Mkubwa, kwani nimemuua?" Nilimshika tu.

Andika. Hata mstari mmoja.

Dada yako

*

Chumba cha peke yetu
Jumatatu, 23 Juni

Dada,

Niliposoma yale ya masharti nilikasirika. Nikasema, anataka kunirudishia mimi. Nikaitoa karatasi yenyewe chini ya mto nikupe ushahidi. Nikamwomba nesi wa zamu anisomee tena, taratibu, kila mstari.

Masharti ni kumi na tano.

La kumi na tatu: Mtoto akikaribiana na mtu mwenye tetekuwanga au surua, au aliyekaa na mwenye nayo, toa taarifa siku hiyo hiyo.

Hilo Nesi Mrefu alinisomea tangu siku ya kwanza. Nilifika la kumi na mbili mkono ukachoka. Nilikuwa sijalala siku tatu. Na nililisikia, Dada, nikajiambia, tetekuwanga? Hilo gonjwa nani asiyelijua. Nikaandika "madogo madogo". Kovu la puani ninalo, nalo ndilo lililonidanganya.

Kwa hiyo usijipige peke yako. Tugawane.

Nesi Mrefu aliitwa ofisini. Amepelekwa stoo ya mashuka miezi mitatu, huwa anapanda kutuona akiwa kwenye mapumziko, anasimama nje ya kioo. Nilimwomba msamaha nikashindwa kumaliza. Akasema, "Kule stoo angalau hakuna dirisha." Mama wa kitanda cha tatu bado hanisemeshi. Tunakutana bombani, ananawa mpaka kwenye kiwiko, ananipisha. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningemwagia mtu maji.

Siku ya kumi na tano leo. Kila asubuhi namvua nguo namkagua, nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole. Jana niliona kitone kifuani, nikakikwangua kwa ukucha. Kilikuwa uji.

Mwambie Karani picha yake ndiyo iliyotufanya tukajua siku ya nane badala ya siku ya ishirini. Mwambie ndugu yake anaongea. Mwambie ale.

Mdogo wako

*

Nyumbani
Alhamisi, 26 Juni

Mama,

Shikamoo. Mimi nimepona, vimebaki vidoa vyeusi, nane tu. Shuleni nimerudi.

Mama Mkubwa anasema Chiriku mzima. Mimi simwamini kwa sababu alisema na mimi ni mzima nikiwa na vipele thelathini na saba. Wewe nawe huwa unasema "anaendelea vizuri" na hujasema vizuri vipi. Mwambie Chiriku ajichore mwenyewe. Asifiche kitu. Nikiona nitaamini.

Nimekula leo. Mikate miwili.

Karani

*

Nyumbani
Alhamisi, 3 Julai

Mdogo wangu,

Ijumaa dereva kapita, mkono mtupu. Jumanne kapita, mkono mtupu. Nikamwambia angalia vizuri chini ya kiti, akasema, "Fundi, ningekuwa nayo ningekupa, hata mimi naogopa kupita hapa kwako."

Nimefunga cherehani. Sindano naichoma vidoleni. Karani anahesabu siku kwa chaki mlangoni, leo kaandika ishirini na tano akaniangalia.

Sikuulizi mzima. Nakuuliza kuna nini.

Dada yako

*

Wodini
Alhamisi, 10 Julai

Dada yangu,

Nisamehe kwa ukimya. Mkono ulikuwapo, maneno ndiyo hayakuwapo. Nilianza barua mara mbili, ya kwanza nikaandika "anaendelea vizuri", nikamkumbuka Karani, nikaichana.

Ilitoka Jumamosi tarehe ishirini na nane. Siku ya ishirini. Asubuhi alikuwa amenyamaza. Nikamwambia, "Chiriku, niambie hadithi," akageukia ukuta. Nikaweka kipimajoto: thelathini na nane nukta sita. Nikamfunua sikio. Kimoja, kidogo kama punje ya mchele, na maji juu yake. Sikupiga kelele. Nilikuwa nimeingoja siku ishirini, ilipofika nilijikuta nasema tu, "Haya, umekuja."

Walimwekea dawa ya tetekuwanga kwenye mshipa, mara tatu kwa siku. Siku ya pili kikohozi. Wakampiga picha ya kifua, wakamwekea hewa puani. Siku nne, Dada, alikuwa anapumua kama mtu anayepanda ngazi na mimi napanda naye. Daktari akiingia namtazama viatu, uso wake sikuthubutu kuutazama. Siku ya tatu nilimuuliza, "Kama tungechelewa ile sindano?" Akasema, "Mama, hilo tusiliulize." Basi nikajua.

Siku ya tano homa ilishuka. Akaamka, akatazama ule mrija wa puani, akasema, "Mama, nimekuwa tembo?" Nililia mpaka nikatoka nje. Mama wa kitanda cha tatu alikuwa bombani. Alinisogelea, akafungua maji akaninawisha uso kama mtoto. Watoto wao wote watatu wamepita bila kipele. Alinifuta kwa kanga yake akaondoka.

Vipele vilikuwa tisa, havikuzidi. Vimekauka vyote. Jumatatu tunaanza tena dawa za kansa, maana hiyo haijaenda popote, ilikuwa inatungoja. Imebaki miezi na miezi. Askari watalala tena chini, vidudu vitabisha tena, nami nitakaa mlangoni. Nimechoka, Dada. Nasema kweli kwa sababu tumekubaliana kusema kweli. Nimechoka mpaka kwenye meno.

Ninakutumia yale matatu yaliyobaki, bandika chini ya mengine. La kumi na tatu unalijua. La kumi na nne, watoto wa nyumbani wote wapate chanjo zao. La kumi na tano: mwenye shaka aulize. Hilo la mwisho ningeliandika la kwanza.

Na moja la kwangu, halimo kwenye karatasi. Ukiona kipele, chafya, jicho jekundu, mtoto kajikwaa, niandikie. Usinipunguzie. Nilidhani kupendana ni kupunguziana wasiwasi, kumbe nusura tumzike mtoto kwa huruma. Nitie wasiwasi, Dada. Nipe wote. Niko macho hata hivyo.

Picha ya Karani bado iko ukutani, nimehama nayo. Hii nyingine ni yake, Chiriku kaichora leo asubuhi, imemchukua saa nzima na kulala mara mbili katikati. Nilitaka kumfutia vitu fulani. Akanipiga mkono.

Mdogo wako

*

KWA KARANI. MAMA ANARUHUSIWA.

Karani,

Hii ni mimi. Kichwa hakina nywele, sijasahau kuchora, hazipo. Huo mrija ni wa jana, leo wametoa lakini umesema nisifiche. Vipele tisa, hesabu. Cha kumi hapo shavuni si kipele, ni chozi, nililia wakati wa sindano. Miguu myembamba kwa sababu ni myembamba.

Huyo kwenye kiti ni Mama. Amelala. Mdomo umefunguka. Nimeuchora hivyo hivyo.

Umenishinda kwa ishirini na nane.

Mimi mzima. Amini.

Chiriku